Eti Jiko Limekufa?

Wadau, nimepotea hapa kibarazani wiki tatu nzima, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeoa au nimefukuzwa kazi. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nahangaika na jiko la gesi la mama yangu. Ndiyo, jiko. Nina digrii, naandika gazetini habari za bajeti na mikataba, nawauliza mawaziri maswali yenye vifungu vya sheria, halafu jiko la pleti nne likanitoa jasho siku kumi na tisa. Na sasa nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe kama nitapayuka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama anakaa Tabata. Mwaka jana binamu yangu aliyeko Uingereza alimpakilia jiko kwenye kontena, jiko la kusimama, pleti nne juu, oveni chini na sehemu ya kubanikia. Limetumika, lakini linang'aa kuliko majiko mapya ya dukani kwetu. Likashushwa, mtungi wa kilo 15 ukaletwa, fundi wa mtaani akaunganisha, picha zikapigwa, kundi la ukoo kwenye WhatsApp likajaa mioyo na vigelegele. Mkaa kwaheri!

Tangu siku ya kwanza moto ulikuwa wa njano. Mrefu, unapepea, unalamba sufuria mpaka kwenye mishikio. Mama amepikia kuni na mkaa maisha yake yote, kwa hiyo hakuona cha ajabu. Moto si ni wa njano? Sufuria zikaanza kupata masizi. Mtungi ambao jirani mwenye familia kama yetu anautumia mwezi na nusu, wetu ukawa unaisha kabla ya wiki tatu. Tukasema mama anapika sana. Tukamshauri apunguze maharage. Nawaambia ukweli, tulikaa sebuleni watu watatu wenye vyeti vya chuo tukamshauri mama apunguze maharage.

Masika ya mwaka huu ikaja, madirisha ya jikoni yakafungwa kwa sababu ya mvua na mbu, na mama akaanza kuumwa kichwa. Kila jioni. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakapima presha, imepanda kidogo, akapewa vidonge. Mpwa wangu wa miaka minne, anayependa kukaa kwenye kistuli pale jikoni akisubiri kuonja, naye akatapika mara mbili wiki moja. Tukasema ni minyoo. Jumapili mama akienda kanisani asubuhi mpaka saa nane, kichwa kinapona kabisa. Tukasema ni upako wa mchungaji. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini kichwa kinauma jikoni na kinapona nje.

Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni jiko. Ila najua hiki. Gesi ya mtungini inahitaji hewa nyingi mno ili iungue vizuri. Lita moja ya gesi inataka zaidi ya lita 24 za hewa. Ikipata hewa ya kutosha, moto unakuwa wa buluu, mfupi, unatoa sauti kama mtu anayepuliza chai. Ikikosa, moto unakuwa wa njano, unatoa masizi, na pamoja na masizi hutoka kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huiba nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Dalili zake za mwanzo ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na ukitoka nje unapata nafuu. Soma tena aya iliyopita.

Tukaita fundi.

Fundi wa kwanza alikuja na pikipiki, mkononi ana bisibisi moja na spana moja. Aliwasha pleti moja, akaangalia kwa muda wa kutosha kupiga chafya, akasema, "Regyuleta imekufa, mama." Kwa asiyejua, regyuleta ni kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi. Ndani ya mtungi gesi imebanwa mpaka imekuwa kimiminika, na msukumo wake ni makumi mpaka mamia ya mara ya ule ambao jiko la nyumbani linauhitaji. Jiko linataka milibari 30 hivi. Regyuleta ndiyo inayopunguza. Ile ya mama ilikuwa nzima, mpya. Fundi akaing'oa, akafunga nyingine yenye kitasa cha kuzungusha, ya zile zinazotumika kwenye majiko makubwa ya kupikia sherehe, akazungusha, "ili moto upate nguvu." Moto ukapata nguvu kweli. Ulifika kwenye kabati la vyombo.

"Basi ni mpira," akasema. Mpira wa gesi akautoa, akaweka bomba la plastiki la kumwagilia maua, akafunga ncha zake kwa vipande vya tairi la ndani la baiskeli. Wadau, bomba la maji halikutengenezwa kubeba gesi. Joto la jiko hulilainisha, gesi yenyewe huukausha na kuupasua mpira wa kawaida, na kipande cha tairi si klipu. Lakini ngoja, sijafika penyewe.

Alipomaliza akatoa kiberiti mfukoni. Akawasha njiti. Akaipitisha taratibu kuanzia kwenye mtungi, ikafuata bomba, mpaka nyuma ya jiko. "Umeona kaka? Haivuji."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji.

Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikamlipa.

Nimeuliza tangu siku hiyo, ofisini, mtaani, kwenye daladala, na karibu kila niliyemwuliza ameona fundi akipima gesi kwa kiberiti, na wengine wanafanya wenyewe. Hivi tunaelewa tunachokifanya? Unatafuta kama kuna gesi kwa kutumia kitu pekee ambacho gesi inakisubiri! Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na ni nzito kuliko hewa. Haipai. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kabati na kwenye kona, hivyo dirisha la juu halikusaidii kitu. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya pale ilipo, cheche moja inatosha. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa kabichi iliyooza umetiwa makusudi kiwandani ili pua yako ikuonye kabla ya njiti. Ukiusikia, unafunga mtungi, unafungua mlango, hugusi swichi ya taa wala simu, unatoa watu nje. Na kupima uvujaji kunahitaji sabuni ya kuoshea vyombo na maji ndani ya kikombe. Piga povu, paka kwenye maungio, angalia. Povu likivimba, panavuja. Bei yake ni sifuri. Njiti ya kiberiti ni ghali zaidi.

Nilikuja kupaka povu mwenyewe usiku ule, baada ya kulala na kuamka nimekasirika. Sehemu mbili zilikuwa zinavimba. Njiti ilipita hapohapo. Kwa nini hatukuungua sijui, na sitaki kuambiwa kwamba Mungu ni mwema, maana jirani anayeungua naye ana Mungu huyohuyo.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima zaidi na maneno machache. Huyu hakubadilisha kitu. Alitingisha jiko, akafungua oveni, akawasha. Moto wa oveni ulikuwa na tabia ya kuzimika ukiachia kitasa, akasema kile kidude kinachohisi moto kinasumbua, anaweza kukitoa kabisa. Nikakataa, angalau hilo nilikataa. Kile kidude ndicho kinachofunga gesi kama moto ukizimika na upepo, na kilikuwa hakina ugonjwa wowote, kilikuwa kimefunikwa na masizi. Ndipo akatoa hukumu. "Jiko limekufa. Majiko ya Ulaya hayaelewani na gesi ya huku. Uza kwa watu wa chuma chakavu, nikutafutie jingine."

Nilicheka. Nilikwenda nalo ofisini kama kichekesho, eti jiko la Ulaya haliongei lugha moja na gesi ya Bongo, na chumba kizima cha habari kikacheka. Naomba radhi kwa fundi yule, maana katika sisi wote yeye ndiye aliyekaribia ukweli kuliko mtu yeyote. Kasoro yake ni kwamba alikuwa na jibu bila kujua kwa nini ni jibu.

Siku ya kulitoa jiko nje, nililivuta kutoka ukutani na kumulika nyuma kwa tochi ya simu ili nione kama kuna nyaya. Kulikuwa na kibati kidogo kimebandikwa, kimejaa vumbi la mafuta. Nikakifuta kwa kidole. Aina ya jiko, namba yake, halafu maandishi haya: G20, 20 mbar. Mwandishi wa habari ni mtu wa kusoma karatasi za watu. Hiki kibati kilikaa jikoni kwetu zaidi ya mwaka mzima na hakuna aliyekisoma.

G20 ni jina la kitaalamu la gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba ya chini ya ardhi mpaka majumbani Uingereza. Ni gesi ya ukoo mmoja na ile yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na ile inayokuja na bomba kubwa la Mtwara lililozinduliwa mwaka 2015. Sehemu yake kubwa ni metheni, nyepesi kuliko hewa. Ziko nyumba chache hapa Dar, Mikocheni kwa mfano, zinazopikia hiyo. Gesi ya mtungi ni kitu kingine kabisa, tena karibu yote inaletwa na meli kutoka nje. (Najua wengi wenu mlidhani mtungi wa kijani au wa bluu unajazwa Mtwara. Hata mimi mwaka wa kwanza kazini niliandika hivyo, na mhariri hakunikamata.) Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina joto mara mbili na nusu mpaka tatu ya gesi asilia. Kwa hiyo jiko la gesi asilia lina matundu makubwa ya kutolea gesi, na jiko la mtungi lina matundu madogo. Ukilifunga jiko la matundu makubwa kwenye mtungi, linatapika gesi nyingi kuliko hewa linayoweza kuvuta. Moto wa njano. Masizi. Mtungi unaisha. Kichwa kinauma.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipokuwa. Regyuleta ilikuwa nzima, mpira wa kwanza ulikuwa mzima, jiko lilikuwa zima, na maharage ya mama hayakuwa na hatia.

Matundu hayo yako kwenye vipande vidogo vya rangi ya dhahabu, mafundi wanaviita nozeli, ukubwa wa punje ya hindi, vimejificha chini ya kila pleti. Toa chuma cha juu, toa kofia ya moto, chungulia katikati ya shimo, utaiona. Ubavuni au usoni pamechongwa namba. Namba hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Niliwasha tochi, nikakodoa macho mpaka yakatoa machozi: pleti mbili za kati zilikuwa na 97. Binamu akanitumia kitabu cha jiko kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji, kuna jedwali safi kabisa: pleti ya kati, gesi asilia 97, gesi ya mtungi 65. Kila aina ya jiko ina jedwali lake, usichukue namba zangu ukazipeleka kwako. Lakini piga hesabu ya eneo la duara mliyofundishwa darasa la saba. Tundu la 97 ni zaidi ya mara mbili ya tundu la 65. Wiki tatu badala ya mwezi na nusu. Hesabu ilikuwa mezani kwetu muda wote, tukachagua kumlaumu mama.

Nikaenda Gerezani. Nilizunguka nusu siku nikiambiwa "nozeli ni nozeli tu kaka, zote zinaingia" (zinaingia kweli, hesi ni zilezile, ndiyo hatari yenyewe), mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye kibanda kidogo na makopo ya maziwa yaliyojaa vipande vya shaba. Shikamoo mzee. Marahaba, kijana, leta nione. Akachukua nozeli yangu, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akasema bila kuniangalia, "Hii ya gesi ya bomba. Mmekuwa mnapikia hivi? Na watoto ndani?"

Nikasikia aibu, wadau. Aibu hasa.

Alinitafutia nozeli sita, nne za juu, moja ya oveni, moja ya kubanikia, kila moja akaisoma namba na kuilinganisha na jedwali kwenye simu yangu. Akaniambia kitu ambacho kwenye kitabu kilikuwa ukurasa wa mbele na nilikiruka: ukibadilisha nozeli lazima pia ukaze skrubu ndogo iliyo ndani ya kila kitasa, inayoamua moto mdogo kabisa, la sivyo ukipunguza moto bado utapitisha gesi kupita kiasi. Akaja mwenyewe Tabata na daladala. Akarudisha regyuleta ya zamani. Akafunga mpira wa gesi wenyewe, wenye maandishi na mwaka ubavuni, na klipu za chuma. Akasafisha masizi kwenye kile kidude cha oveni kwa kitambaa tu, kikashika. Akapaka povu. Akasubiri. Akapaka tena. Kisha akawasha, na moto wa buluu ukakaa kimya pale juu kama umeambiwa nyamaza. Bei ya zile nozeli sita haikufika bei ya sahani mbili za chipsi kuku.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Nilipomwuliza mzee anadai kiasi gani kwa kazi, akataja nozeli, mpira na nauli. Nikamwambia, na muda wa kusoma namba? Na kutafuta? Akacheka. "Kijana, huko kutafuta nani analipa?"

Hilo ndilo tatizo letu. Fundi wa kwanza hakuwa mjinga wa kuzaliwa wala mwizi. Alifanya kile tunacholipia. Tunamlipa fundi akibadilisha kitu. Akikaa saa nzima akiangalia, akasoma kibati, akasema "hapa hakuna kilichoharibika, kuna kisicholingana", tunamwona tapeli. Atakula nini? Basi anabadilisha. Regyuleta, mpira, kisha jiko zima. Mgonjwa anapewa dawa ya kila kitu bila kupimwa chochote, na sisi tunaondoka tumeridhika kwa sababu tumeona kitu kipya kinang'aa. Na hili si la majiko peke yake, mwenye gari anajua, mwenye friji anajua, ila friji ikikosewa inaharibu nyama. Jiko la gesi likikosewa linachoma mtoto.

Na kabla hamjaanza kushangilia kwamba nawasema mafundi, ngojeni nijiseme mimi. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huohuo Rais Samia alikuwa Paris kwenye mkutano wa kimataifa wa nishati hiyohiyo kwa Afrika. Sina ugomvi na lengo. Nimeona misitu, nimeona macho ya bibi yangu yalivyofanywa na moshi wa kuni. Lakini tangu hapo nimeandika habari za kugawa mitungi si chini ya mara nne. Turubai, muziki, mgeni rasmi, kina mama wamepanga mstari, mtungi wa kilo 6 na jiko lake, picha, makofi. Nikahesabu mitungi nikaandika idadi kwenye aya ya kwanza, nikamnukuu mama mmoja akishukuru, nikala wali kuku, nikarudi ofisini. Sijawahi kuandika hata sentensi moja kuhusu mpira. Sikuuliza mara moja: nani atakuja kuangalia moto ule ni wa rangi gani baada ya miezi sita? Regyuleta ikilegea nani wa kumwita? Nilihesabu kilichotolewa kama fundi anavyohesabu alichobadilisha. Usanii mtupu, na jina langu liko juu yake.

Ukitaka kuunganishiwa umeme, utatafuta mkandarasi mwenye leseni, atapitia nyaya, atasaini fomu na kugonga mhuri, na bila hiyo huoni mita. Huko lilikotoka jiko la mama, anayefanya kazi ya gesi kwenye nyumba za watu lazima awe kwenye rejista ya taifa. Asipokuwemo ni kosa la jinai. Kwetu, mtungi wa kilo 15 uliletwa na kijana wa bodaboda, ukafungwa kwenye jiko lisilo lake na mtu ambaye sikumwuliza cheti, na jiko lenyewe lilipita bandarini likiwa na kibati chake mgongoni bila mtu kuuliza linakwenda kula gesi gani. Je, ni vigumu kiasi gani kuweka swali hilo moja kwenye karatasi za forodha? Je, ni vigumu kwa makampuni ya gesi, yenye mabango kila kona ya mji, kuwafundisha vijana wao wa kusambaza mitungi kubeba chupa ya povu na kuangalia rangi ya moto kabla ya kupokea hela? Vyuo vya ufundi vipo. Vijana wapo, tena wengi, wamekaa vijiweni. Kazi ipo. Hakuna anayelipia.

Najua atatokea mtu hapa chini kusema, "Ndiyo maana mimi nabaki na mkaa, gesi ni bomu." Ndugu yangu, jiko la mkaa linatoa kaboni monoksaidi hiyohiyo, na kila msimu wa baridi kule nyanda za juu tunaandika habari za watu waliolala nalo chumbani wasiamke. Gesi iliyofungwa sawasawa ni salama na rahisi, na mama harudi kwenye mkaa mimi nikiwa hai. Mwingine atasema basi kila mtu ajitengenezee. Hapana! Mimi sikugusa nozeli. Nilichofanya ni kuangalia rangi, kupaka povu, kusoma kibati na kutafuta mtu anayejua kusoma namba. Hivyo vitatu vya kwanza havihitaji fundi wala digrii, na mtu wa nne nilimlipa kwa kutafuta, alikataa mara mbili, nikamwekea kwenye mfuko wa koti.

Kichwa cha mama kimepona. Mtungi mpya una wiki ya pili sasa na bado mzito ukiutingisha. Mpwa amerudi kwenye kistuli chake, ila dirisha liko wazi, tumeweka wavu wa mbu. Mama mwenyewe hajafurahi sana. Jana kaniita jikoni, kaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, huu moto mbona umekuwa mdogo hivi? Ule wa kwanza ndio ulikuwa moto."

Jumamosi kuna mitungi inagawiwa tena, na mhariri amenipanga. Nimemwomba maneno mia sita badala ya mia tatu, kasema tutaona. Wewe uliyeletewa jiko na kontena, livute kutoka ukutani leo jioni, mtungi ukiwa umefungwa, ufute vumbi, kisha uniandikie umekuta kibati kinasema nini.